Absalomu, Mwana wa Sheba

Katika bonde la Glen Orra, anayepigiwa mnada ndiye anayewalisha wanunuzi. Watu wanakuja kununua kondoo wako, plau yako, pengine na paa lililo juu ya kichwa chako, nao wanakuja na njaa. Kwa hiyo asubuhi ya mnada wa akina Geddes jiko lilikuwa limewaka tangu alfajiri, na Elspeth, binti yake Grizel akiwa amefungwa ubavuni kwa shali, alikuwa akikanda unga wa pai kama mtu anayejiandaa kwa harusi.

"Ongeza nyama," alisema mama mkwe wake kutoka kwenye kiti chake karibu na moto.

"Nyama imetosha, mama."

"Imetosha kwa nani? Wasije wakarudi makwao wakisema Geddes amefilisika mpaka kwenye pai."

"Wameshajua tumefilisika. Ndiyo maana wanakuja."

"Wajue, sawa. Lakini wasionje."

Elspeth akaongeza nyama. Tangu bei ya sufu ianguke, kusini yote ya New Zealand ilikuwa ikiuzwa kipande kwa kipande, na sasa zamu yao ilikuwa imefika. Mpango ulijulikana bonde zima, hata kwa watoto wa shule: kampuni iliyowakopesha ingeuza kwanza kondoo, halafu shamba la chini kando ya mto, halafu shamba la juu lenye nyumba. Ikishapata chake, dalali angeacha. Kondoo wakipata bei nzuri, nyumba ingepona. Na nyuma ya nyumba, ndani ya uzio mdogo uliopakwa chokaa, alilala kaburini Davie, mtoto wao wa kwanza, ambaye hakuwahi kusimama kwa miguu yake.

Tumaini lote lilikuwa juu ya dume mmoja. Aliitwa Absalomu kwa sababu ya nywele zake. Sufu ilimwanguka mpaka magotini, mawimbi juu ya mawimbi. Alikuwa mwana wa Sheba, kondoo jike wa damu safi ya Leicester, aina ya Kiingereza yenye sufu ndefu, ambaye Murdo Geddes, mume wa Elspeth, alimleta kwa meli kabla hata hajaoa, na Absalomu mwenyewe alikuwa ametwaa utepe mwekundu wa mshindi kwenye maonyesho ya mifugo ya mkoa. Dalali alikuwa amepanga kumuuza wa kwanza ili watu wachangamke.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Annot Nairn na bakuli la siagi, mimba yake ikitangulia.

"Mama amesema nikusaidie," Annot alisema. Alikuwa msichana tu, ameolewa mwaka uliopita. Aliweka siagi mezani, akatazama huku na huku, kisha akanong'ona kwa furaha iliyomshinda kuificha. "Dada Elspeth, usimwambie mtu. Andrew atamnunua Absalomu."

"Andrew wako?"

"Ameuza ng'ombe wote wawili. Ndiyo, wote! Nilimwambia, na mtoto atakunywa nini? Akasema mtoto atakunywa damu ya Sheba." Akacheka, kisha akaziba mdomo. "Samahani, najua siku yenyewe ilivyo kwenu. Lakini afadhali aende kwetu kuliko kwa yule bwana wa mashamba makubwa, si ndiyo? Tutaanza kundi letu. Damu safi kabisa."

Mikono ya Elspeth ilisimama ndani ya unga.

"Unga unakauka," alisema mama mkwe.

Elspeth alimfungua Grizel, akamweka mapajani pa bibi yake, akapangusa mikono kwenye aproni. "Annot, nimalizie hizi. Narudi sasa hivi."

"Unakwenda wapi msichana wewe, na watu wako njiani?" mama mkwe aliuliza. Lakini Elspeth alikuwa ameshatoka.

*

Murdo alikuwa amepiga magoti ndani ya banda la kukatia manyoya, akimchana Absalomu kwa kitana cha mbao. Nje, Teone, mkata manyoya Mmaori aliyekodiwa kwa siku hiyo, alikuwa akiwapanga kondoo jike kwenye vizimba na kuwatukana kwa lugha mbili.

"Mtazame," Murdo alisema bila kugeuka. "Hata mchungaji wetu wa kanisani hana nywele kama hizi."

"Mchungaji hana nywele kabisa."

"Ndiyo nasema." Alikuwa akijaribu kutabasamu. Tangu wiki iliyopita alikuwa akijaribu.

"Murdo. Huyu si mwana wa Sheba."

Kitana kiliendelea kushuka. "Umechoka. Nenda ukae kidogo."

"Mwana wa Sheba alizaliwa amekufa. Ile wiki ya theluji, wewe ukiwa kitandani unaumwa mapafu."

Kitana kikasimama.

Akamwambia, haraka haraka, maana magari ya farasi yalikuwa yakisikika yakipanda kilima. Alikuwa ametoka kuwatazama kondoo akamkuta Sheba amesimama juu ya mwanawe, anamlamba, anamwita kwa ile sauti ya chini ambayo kondoo jike humwitia mtoto mchanga tu. Aliita asubuhi, akaita mchana. "Ndiyo kwanza tulikuwa tumemzika Davie. Sikuweza kuisikia ile sauti, Murdo. Ningekuwa kichaa."

Kitana kikamponyoka Murdo.

"Na mfereji wa mpakani ulikuwa na kondoo jike wa jirani yetu Purdie, alivuka uzio akafia humo. Mtoto wake alikuwa hai, amesimama kwenye theluji anapiga kelele. Nikachukua kisu cha jikoni. Nikamchuna mwana wa Sheba kama ulivyonionyesha, nikatoboa matundu ya miguu, nikamvisha yule yatima ile ngozi kama koti. Sheba alimnusa mara moja. Mara moja tu, Murdo. Akanyamaza."

"Ungeniambia."

"Nilitaka. Halafu siku uliyoinuka, ukatoka na fimbo yako, ngozi nilikuwa nimeshaivua, ukamwona ananyonya. Ukacheka. Ulikuwa hujacheka tangu kaburini. Siku hiyo hiyo ukampa jina, kwa manyoya yake ya mawimbi." Alishika pembe ya aproni yake. "Kisha ukaja utepe. Kila mwaka ikazidi kuwa ngumu."

Murdo alimtazama dume, naye dume akamtazama Murdo kwa macho yake ya manjano, kama anayesubiri kuendelea kuchanwa.

"Wa Purdie," Murdo alisema.

"Ndiyo."

"Wattie Purdie, ambaye uzio wake ni kamba na maombi. Ambaye kondoo wake ni mchanganyiko wa Lincoln, Leicester, na kila kilichowahi kuruka ukuta."

"Ndiyo, Murdo."

"Na yule mwingine? Yule wa Sheba?"

"Nilimzika. Nje kidogo ya uzio wa Davie."

Aliinama, akaokota kitana kilichoanguka. Aliondoa manyoya yaliyonasa kwenye meno yake, moja moja, polepole. "Kwa nini leo? Siku zote hizo, halafu leo?"

"Andrew Nairn ameuza ng'ombe wake wote."

Kengele ya dalali ikalia uani. Murdo akasimama, akafunga kamba shingoni mwa Absalomu.

"Mwache dalali aanze," alisema. Hakusema zaidi ya hayo, na Elspeth hakujua ni jibu la nini.

*

Mbele walisimama waungwana wa mashamba makubwa, viatu vyao viking'aa, na pamoja nao mzee aliyekuwa jaji wa maonyesho. Nyuma walisimama wenye vishamba vidogo, ambao hawakuja kununua ila kuona na kula, na pai zilikuwa zimeshaanza kupungua. Karani wa kampuni alikaa juu ya pipa, kofia magotini. Wattie Purdie alikuwa kando, koti limeshonwa kwa uzi wa gunia, skonzi moja mkononi na nyingine mfukoni.

Bwana Tranter, dalali, alipanda juu ya gari la ng'ombe. Alikuwa na sauti ya kuuza hata mvua.

"Mabibi na mabwana! Sitawachosha. Mnamjua mama yake, mnaujua utepe wake. Absalomu, mwana wa Sheba! Atakayemchukua huyu amechukua miaka ishirini ya damu safi. Nani anifungulie kwa gini thelathini?"

"Thelathini," alisema bwana wa mashamba makubwa kwa kuinua kidole.

"Arobaini!" Sauti ya Andrew Nairn ilikatika katikati. Watu wakacheka kidogo.

"Kijana amekuja na nguvu! Hamsini? Hamsini ninayo. Sitini?"

Elspeth alikuwa amesimama na Grizel begani. Alimtazama Murdo, aliyeshika kamba katikati ya uwanja. Macho ya Murdo yalikwenda juu ya vichwa vya watu, yakaishia kwenye ule uzio mweupe nyuma ya nyumba. Bei ikafika sabini. Andrew Nairn alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na Annot kando yake alikuwa amefumba macho.

"Themanini!" Andrew alipiga kelele.

"Themanini kwa kijana. Themanini ya kwanza. Themanini ya pili..."

"Usiigonge nyundo yako, Bwana Tranter," Elspeth alisema.

Hakusema kwa nguvu, lakini sauti ya mwanamke kwenye mnada ni kama bakuli lililoanguka kanisani. Watu wote waligeuka.

"Huyo dume si mwana wa Sheba. Mwana wa Sheba alikufa. Huyu nilimvisha ngozi ya marehemu nikamnyonyesha kwa Sheba. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Mume wangu hakujua mpaka leo asubuhi."

Kisha wote wakasema kwa pamoja. Mmoja akapiga mluzi. "Mke wa Geddes kachanganyikiwa!" "Anaogopa kuuziwa nyumba huyo!" Jaji wa maonyesho alianza kuzikagua ncha za viatu vyake.

Bwana Tranter aliinua mkono, akatabasamu tabasamu la mtu mzima kwa mtoto. "Mabwana, mabwana. Siku ya mnada ni siku ngumu kwa mama wa nyumba, tumwonee huruma. Mwenye kundi ni bwana." Akainama kuelekea kwa Murdo, akashusha sauti lakini si sana. "Bwana Geddes, sema neno moja tu tuendelee. Mama ana uchovu, siyo?"

Hapo ndipo mlango wa kutokea ulipokuwa wazi, mpana wa kupita na gari. Kila mtu aliuona. Murdo angeitikia kwa kichwa tu, na gini themanini zingekuwa kwenye kofia ya karani.

Murdo akakohoa.

"Mke wangu alininyamazia miaka mitatu," alisema. "Kunidanganya, hajawahi. Alichosema ndicho. Andrew Nairn, rudisha mkono wako mfukoni."

Waungwana wa mbele wakarudi nyuma hatua moja, kama vile dume ameanza kunuka. Mama mkwe, aliyekuwa ametoa kiti chake mpaka mlangoni, alijifunika uso kwa shali.

"Haya basi," alisema yule bwana wa mashamba makubwa kwa sauti kavu. "Kama si wa Sheba, ni wa nani?"

Elspeth alivuta pumzi. Hili ndilo alilokuwa akiliogopa zaidi, maana mali ya jirani ni mali ya jirani. "Mama yake alifia kwenye mfereji wetu. Jike mwenye uso mweusi nusu, sikio moja limechanika. Wa Bwana Purdie."

Skonzi ilimdondoka Wattie Purdie.

"Kichaa?" alisema. "Kichaa wangu? Nilimtafuta wiki nzima yule!" Alisogea mbele, watu wakimpisha, akamtazama Absalomu kuanzia kwato mpaka kichwa. Mdomo wake ulianza kutetemeka, na Elspeth akadhani ni hasira. "Mnataka kuniambia," Purdie alisema, "kwamba huyu, huyu hapa, aliyewashinda madume wenu wote wa damu safi, mbele ya gavana na bendi ikipigwa, ni mwana wa lile takataka mlilonichekea mimi miaka kumi?"

Akaugeukia mstari wa mbele.

"Jaji! Wewe ndiye uliyemfunga utepe?"

"Kulikuwa na ukungu siku ile," alisema jaji.

Nyuma kabisa mtu mmoja akaangua kicheko, na kicheko kile kikasambaa. Wale wenye vishamba vidogo walicheka mpaka wakashikana mabega. Teone alikuwa amejiinamia juu ya kizimba, mgongo ukitikisika. Hata Annot Nairn alicheka, machozi yakimtoka.

"Wattie," Murdo alisema kicheko kilipopungua. "Kisheria ni wako. Mchukue."

"Nimchukue bure?" Purdie alijipangusa macho kwa kofia. "Nani kamlisha? Nani kamchana hizo nywele? Mimi ningekuwa nimeshamla." Akageuka kwa dalali. "Wewe, fungua upya mnada wako. Na umtaje vizuri! Nataka nisikie mama yake akitajwa na dalali aliyevaa tai."

Bwana Tranter hakuwa mjinga. Alitazama waungwana wa mbele, mikono imezama mifukoni. Akatazama nyuma, ambako watu walikuwa wamechangamka kuliko alivyowahi kuwaona. Akarekebisha tai.

"Mabibi na mabwana! Sasa ninaye Absalomu, mwana wa Kichaa! Mwili mkubwa, mifupa mizito. Na nyie wa huko nyuma, mnajua meli za barafu zimeanza kubeba nyama mpaka London. London hawauli ukoo, wanaula mguu! Nani anifungulie?"

"Gini kumi!" Purdie alisema.

"Kumi na tano!" alisema mmoja wa nyuma, mwenye pai mdomoni.

"Nyamaza wewe, ni mtoto wangu! Ishirini!"

Walipandishiana hivyo wakitukanana kwa furaha, na Purdie alimpata kwa thelathini na tano. Si themanini. Elspeth alilijua hilo, na Murdo alilijua, na karani juu ya pipa alishaliandika.

*

Kondoo jike walipotolewa, hakuna aliyeinua mkono. Tranter alisifu, akashusha bei, akasifu tena. Mwisho bwana wa mashamba makubwa alimgeukia Elspeth, akavua kofia, jambo ambalo hakuwa amelifanya mwanzo.

"Mama, na hawa? Kuna mwingine uliyembadilishia koti?"

"Hapana, bwana. Ni yule mmoja tu."

"Una hakika?"

"Bwana, ningekuwa na mwingine, ningeshamtaja. Aibu yote nimeshaipata kwa mkupuo."

Yule bwana alimwangalia kidogo, kisha akavaa kofia. "Kundi la kwanza nalichukua kwa bei aliyoanza nayo dalali. Siyo aliyoishia. Aliyoanza nayo." Na baada ya hapo mikono iliinuka. Andrew Nairn, fedha za ng'ombe wake zikiwa salama mfukoni, alimnunua Sheba mwenyewe, mzee sasa, meno yamepungua, pamoja na mtoto wake jike wa mwaka huu, ambaye Murdo alikuwepo alipozaliwa.

Kisha ikaja ardhi. Shamba la chini liligongwa nyundo mara tatu likaenda, malisho ya mtoni na miti ya mierebi aliyoipanda baba yake Murdo. Murdo alisimama wima, lakini kofia aliyoshika ilikuwa imekunjamana kama kitambaa.

"Ardhi hii ilipotoka mikononi mwa babu yangu," Teone alisema kando yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "sikumbuki kusimuliwa habari za nyundo."

Murdo alisogea akampa nafasi kwenye ubao wa uzio, wakaegemea wote wawili, wakitazama mto.

Karani wa kampuni alikuwa akijumlisha. Alijumlisha, akalamba penseli, akajumlisha tena. Elspeth alihisi moyo wa Grizel ukidunda kwenye kifua chake, au ulikuwa wake. Karani akamwita dalali kwa kidole. Wakanong'onezana. Bwana Tranter akasimama, akainua nyundo, akaitazama, akaitia kwenye mfuko wa koti.

"Mnada umefungwa," alisema. "Shamba la juu haliuzwi leo. Hizo pai zilizobaki, mama, ni za nani?"

"Zako!" mama mkwe alipiga kelele kutoka mlangoni, kabla Elspeth hajafungua mdomo. "Kula, baba, kula! Zina nyama!"

*

Jioni Purdie alikuja kumchukua dume wake. Alimvuta, dume akagoma. Alimsukuma, dume akamkanyaga mguu.

"Kweli ni wa Kichaa," Purdie alisema, akirukaruka kwa mguu mmoja. "Sikiliza, Geddes. Uzio wangu unaujua."

"Naujua."

"Kesho asubuhi atakuwa amerudi hapa kwako, au yuko mjini anahubiri. Mimi nina majike, wewe huna hata mmoja, lakini una seng'enge nzima na mkono wa kulea. Kaa naye huku juu. Nitaleta majike yangu. Watoto tugawane nusu kwa nusu, waende wakaliwe London."

Murdo alimtazama Elspeth. "Muulize mama mwenye nyumba. Yeye ndiye mtaalamu wa watoto wa watu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtania tangu asubuhi. Elspeth aliitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo.

Wakati huo Andrew na Annot Nairn walikuwa wakipita langoni na Sheba, wakimwongoza polepole kwa sababu ya umri wake. Alipofika usawa wa Absalomu alisimama. Andrew alivuta kamba, hakusogea. Alinyoosha shingo kupitia ubao wa lango, akamnusa dume yule mkubwa kwenye shavu, kisha akatoa sauti ya chini, ya kooni, ambayo Elspeth hakuwa ameisikia tangu ile wiki ya theluji. Absalomu akainamisha kichwa chake chenye mawimbi, akamwitikia.

"Mbona anamwita hivyo?" Annot aliuliza, mkono juu ya tumbo lake.

Elspeth alimhamisha Grizel bega la pili.

"Ni mwanawe," alisema.

Purdie alifungua mdomo kumsahihisha, na Murdo akamkanyaga mguu ule ule.